Mgagani: kuutambua, kuuchuma na kuupika

Wiki tatu baada ya mvua za kwanza, shamba la mahindi huwa ni vita kati ya mahindi na magugu, na anayepalilia kwa jembe la mkono hana huruma na gugu. Lakini mtazame mama wa Kisii, wa Dodoma au wa Usukumani akiwa kazini. Kuna mahali jembe linakwepa. Linapita kulia kwa mche fulani, linarudi kushoto kwake, na mche unabaki umesimama peke yake kwenye udongo uliopinduliwa. Hakuna aliyeupanda. Jioni majani yake yatachumwa, yatachambuliwa, na yataingia chunguni.

Huo ndio mgagani.

Sokoni Nairobi watu huuita saga. Kisii ni chinsaga, kwa Waluhya tsisaga, kwa Wakalenjin saget, kwa Wajaluo dek au akeyo. Waganda husema jjobyo, na ukivuka kwenda Rwanda au Burundi utauliza isogi. Wataalamu wa mimea huuandika Gynandropsis gynandra, ingawa vitabu vingi bado vina jina la zamani, Cleome gynandra. Kiswahili kina jina la pili ambalo linastahili kurudishwa midomoni: mkabilishemsi, yaani ule unaolikabili jua. Aliyeubatiza hivyo alikuwa na macho makali. Majani ya mgagani hugeuka yakilifuata jua linavyosafiri, na wanasayansi walipokuja kupima mwendo huo walikuta jina limekwisha kusema kweli.

Tabia hiyo inaeleza mengine. Mgagani hujitengenezea chakula kwa njia ileile ya mahindi na mtama, inayoitwa C4, ambayo hufanya kazi vizuri kwenye joto na mwanga mwingi bila kupoteza maji mengi. Kwa hiyo, sukumawiki inaponyong'onyea saa saba mchana, mgagani unakuwa kazini. Kivulini hudhoofu, na kwenye udongo unaotuamisha maji huoza mizizi. Anayeutafuta aanze mahali pa wazi, penye jua.

Kwa nini uinamie gugu

Sababu ya kwanza ni mfuko. Mgagani huota wenyewe na huwa tayari kuchumwa wiki tatu hadi nne tangu uchomoze, wakati ambapo ghala limepungua na mazao mapya bado hayajakomaa. Katika majuma hayo, familia nyingi za vijijini hutegemea mboga za porini zaidi kuliko mtu wa mjini anavyodhani.

Sababu ya pili imo ndani ya jani. Gramu 100 za majani mabichi huwa na kalsiamu ya miligramu 200 hadi zaidi ya 400, kutegemea aina na udongo; maziwa ya ng'ombe ya uzito huo yana kama 120. Kuna pia madini ya chuma, vitamini C, na rangi ya karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Moto hupunguza sehemu ya hayo, hasa vitamini C, na mwili haufyonzi yote yaliyomo. Bado sahani moja ya mgagani ina uzito ambao sahani ya kabichi haina.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye amezitafiti mboga za kienyeji kwa miongo kadhaa, amesimulia kwamba utotoni alikuwa na mzio wa nyama, samaki, maziwa na mayai. Mboga hizi ndizo zilizomlea. Kwake utafiti ulianzia mezani.

Sababu ya tatu ni kwamba ujuzi huu unapotea. Mtoto aliyekulia mjini huujua mgagani ukiwa fungu lililofungwa kamba sokoni; akiukuta umesimama nyuma ya nyumba yake, anaufyeka pamoja na nyasi.

Kuutambua: hatua sita

Kabla ya hatua zenyewe, fanya jambo moja dogo. Nenda sokoni ukanunue fungu la mgagani lenye vishina vyake, si majani yaliyokwisha kuchambuliwa. Nenda nalo shambani. Mfano ulio mkononi hushinda picha ya kitabuni, kwa sababu picha haina harufu wala haigusiki, na mgagani hujitambulisha zaidi kwa harufu na mguso.

1. Tazama umbo. Mgagani husimama wima na kutoa matawi, kimo chake kikiwa nusu mita hadi mita moja na nusu. Hautambai wala haupandi miti. Ukiung'oa, utaona mzizi mkuu mmoja ulioingia moja kwa moja ardhini.

2. Hesabu vijani. Kila jani lina kikonyo kirefu, na nchani mwa kikonyo vijani hutawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Kwa kawaida ni vitano. Vinaweza kuwa vitatu hadi saba. Kila kijani ni chembamba pale kinapoungana na kikonyo na hupanuka kuelekea mbele. Kingo zake ni laini, au zina vijino vidogo mno. Karibu na maua, majani huwa madogo na yenye vijani vitatu tu, kwa hiyo hesabu yale ya chini.

3. Pitisha kidole kwenye shina. Lina vinywele vifupi vinavyonata kidogo. Rangi ya shina isikuchanganye: kuna migagani ya shina la kijani na ya shina la zambarau, na yote huliwa.

4. Ponda jani unuse. Harufu ni kali, ya jamii ya haradali. Mgagani ni ndugu wa mbali wa kabichi na haradali, na undugu huo unausikia puani. Jani lisilo na harufu si mgagani.

5. Tafuta ua. Hapa ndipo shaka huisha. Maua hukaa juu kabisa, kwenye kishada kirefu, meupe au yenye waridi hafifu. Kila ua lina petali nne na nyuzi sita zenye chavua nchani. Nyuzi hizo hazitoki chini ya ua kama ulivyozoea. Zimebebwa juu kwenye kijiti chembamba, kana kwamba ua limesimama juu ya ua lingine.

6. Tafuta maganda. Ni membamba, marefu kama kidole au zaidi, yanafanana na maharagwe machanga yaliyokonda, na yametoka shinani kwa vijiti virefu. Ndani kuna mbegu ndogo nyeusi au za kahawia, zenye uso wa kukwaruza.

Mmea mchanga hauna ua wala ganda, na hapo ndipo mlo mtamu ulipo. Zikitimia alama nne za kwanza, tafuta mgagani mkubwa ulio karibu ulinganishe. Ukikosa hata alama moja, uache. Mwaka wa kwanza, chuma ukiwa na mtu aliyeula tangu utoto. Saa moja pamoja naye itakufunza kuliko kurasa hizi.

KISANDUKU: USIUCHANGANYE NA HII

*Bangi.* Nayo ina vijani vilivyotawanyika kama vidole, na wageni wa mgagani hushtuka wanapouona. Tofauti ni ukingo: kijani cha bangi ni chembamba, kimechongoka, na kina meno makubwa ya msumeno pande zote. Cha mgagani ni kipana mbele, hakina meno hayo.

*Muhogo mchanga.* Jani lake nalo lina umbo la kiganja. Vunja kikonyo: muhogo hutoa utomvu mweupe, mgagani hautoi. Kosa hili si dogo, kwa sababu kisamvu kibichi kina sumu ya sianidi na hutaka kutwangwa na kupikwa sana.

*Ndugu wa maua ya njano.* Pwani hasa, kuna mmea unaonata na kunuka unaofanana sana na mgagani, ila maua yake ni ya njano. Uache.

*Ndugu wa jani moja.* Ana maua ya waridi na maganda membamba, lakini jani lake halikugawanyika. Kuna wanaomla, wewe unayejifunza mpite.

*Mgagani wa mapambo.* Hupandwa kwenye bustani za maua, una maua makubwa ya waridi na vimiiba kwenye shina. Haukupandwa kwa chungu, na huenda umepuliziwa dawa.

*Mnanaha.* Haufanani na mgagani: una majani mapana yenye pembe na maua marefu kama tarumbeta. Upo kwenye orodha hii kwa sababu huota kwenye majalala yaleyale, na kila sehemu yake ni sumu kali. Anayechuma kwa pupa huubeba bila kujua.

Mahali pa kuchuma

Mgagani una tabia moja ya kumtia mtu mtegoni: hupenda mahali penye mbolea nyingi. Utaukuta umenenepa kwenye zizi lililohamwa, kando ya choo cha zamani, na jalalani. Mgagani mnono kuliko yote mtaani unaweza kuwa ndio usiofaa kuliwa.

Kwa hiyo chagua eneo kabla hujachagua jani. Shamba la chakula ambalo halikupuliziwa dawa ni zuri. Zizi la zamani kijijini linafaa pia, mradi majani yaoshwe vizuri. Epuka kingo za barabara kuu, ambako vumbi na moshi wa magari hutua miaka na miaka. Epuka majalala ya mjini yenye betri na plastiki zilizochomwa. Epuka kingo za mito inayobeba majitaka. Kuosha huondoa vumbi, lakini hakuondoi madini mazito ambayo mmea umekwisha kuyanyonya.

Dawa ya magugu inahitaji swali. Wakulima wengi siku hizi hupulizia badala ya kupalilia, na gugu lililopuliziwa jana linaweza kuonekana zima leo. Piga hodi kwa mwenye shamba, uombe ruhusa, kisha uulize: mmepulizia nini hapa, na lini? Asiyejua jibu asikupe mboga.

Kuchuma

Nenda asubuhi, umande ukishakauka lakini jua halijachoma. Kuna njia mbili, na kila moja ina wakati wake.

Miche iliyobanana ing'oe mizima ikiwa na urefu wa kiganja, ukate mizizi. Hiyo ni mboga laini kuliko zote. Mimea iliyoachiana nafasi uikate kilele kwa kucha, sentimita chache chini ya ncha. Itatoa matawi ya pembeni, nawe utarudi baada ya wiki moja na kuendelea kuchuma kwa majuma kadhaa. Kila unapoona kichwa cha maua, kivunje, kwa maana mgagani ukishaanza kuzaa mbegu huacha kutoa majani mapana, na yaliyopo huzidi uchungu na kuwa magumu.

Chuma mmea mmoja mmoja, usishike konzi. Konzi ndiyo inayoingiza mnanaha kikapuni.

Majani hunyauka upesi. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu na uyapike siku hiyohiyo. Yakibidi kulala, yalale kwenye jokofu.

Uchungu, na namna ya kuelewana nao

Watu wengi walioujaribu mgagani mara moja na kuuacha walishindwa na uchungu. Kwa kawaida mgagani haukuwa na kosa. Mpishi alichuma majani mazee, au aliukaanga moja kwa moja kama mchicha.

Uchungu huo ni silaha. Mmea umejaza majani kemikali za jamii ya haradali na tanini ili wadudu waukimbie, na silaha hiyo ni ya kweli: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusu kilimo cha waridi, ulionyesha kwamba mgagani ukipandwa katikati ya waridi huwapunguza utitiri wekundu. Watafiti wengine wameuona ukiwafukuza kupe. Mpishi anaposhika sufuria, anaivunja silaha hiyo taratibu kwa maji, muda na mafuta.

Maji ya moto huzimua uchungu, lakini yakimwagwa huondoka na vitamini. Kwa sababu hiyo, kuchemsha mara tatu na kumwaga mara tatu, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kubakiza nyuzi za kijani tupu. Chemsha mara moja, mwaga mara moja, basi. Uchungu uliobaki uuzimue kwa mojawapo ya njia hizi:

- *Changanya na mboga pole.* Sehemu moja ya mgagani kwa sehemu mbili za mchicha au majani ya kunde. Kwa anayeanza, hii ndiyo njia bora.
- *Tia mafuta yenye uzito:* maziwa, malai, karanga zilizotwangwa au tui la nazi. Mafuta hulainisha uchungu ulimini, na pia huusaidia mwili kufyonza karotini. Kwa hiyo mgagani wa kuchemsha mtupu hudhulumu ulimi na mwili kwa pamoja.
- *Laza mboga.* Mgagani uliotiwa maziwa na kupashwa moto kesho yake huwa mpole kuliko wa leo. Wakalenjin na Wakisii wanalijua hilo tangu zamani. Kwao mboga hii huachwa kwenye chungu na maziwa, nayo hupata uchachu mzuri.

Magadi huyalainisha majani na kuyatunzia rangi ya kijani, lakini huiua vitamini C. Majani machanga hayayahitaji kabisa.

Mgagani wa maziwa (watu wanne hadi watano)

Vitu: mafungu makubwa matatu ya mgagani, fungu moja la mchicha ukipenda, kitunguu kimoja, vikombe viwili vya maziwa, vijiko viwili vya malai, samli ya kukaangia, chumvi.

1. Chambua. Chukua majani na ncha laini; kikonyo kisichokatika kwa kucha kitupe. Toa maua na maganda.
2. Osha mara tatu kwenye maji mengi, ukiyainua majani juu badala ya kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini.
3. Chemsha maji yafike kububujika, ndipo utie majani. Kuyatia kwenye maji baridi na kungoja ni kosa la kawaida. Hukaa motoni muda mrefu bila sababu.
4. Acha dakika kumi hadi kumi na tano, sufuria ikiwa wazi. Onja jani moja. Likiwa laini na uchungu umeshuka, epua na umwage maji.
5. Kaanga kitunguu kwa samli hadi kilainike. Tia mgagani, na mchicha kama unao, geuza kwa mwiko.
6. Ongeza maziwa nusu, punguza moto, acha yakaukie. Ongeza yaliyobaki pamoja na malai. Dakika ishirini za moto mdogo zinatosha.
7. Chumvi mwishoni.

Mlo huu ni wa ugali, na hasa ugali wa wimbi au mtama. Anayetaka kulaza, asubiri mboga ipoe, aiweke kwenye jokofu au chungu kilichofunikwa mahali pa baridi kweli, na kesho aichemshe tena kabla ya kuila.

Kwa karanga, fuata hatua 1 hadi 5, kisha badala ya maziwa tia kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu. Koroga mfululizo, maana karanga hushika chini na kuungua mara moja. Kwa mpishi wa pwani, tui zito la nazi moja linachukua nafasi ileile, na pilipili mbuzi nzima ikielea juu bila kupasuka.

Jambo la mwisho la mezani: kamulia ndimu kwenye sahani, usikamulie sufuriani. Vitamini C ya ndimu huusaidia mwili kufyonza chuma cha majani. Chai hufanya kinyume chake, hivyo ichelewe walau saa moja baada ya mlo.

Kukausha kwa ajili ya kiangazi

Mikoa yenye kiangazi kirefu, kama Dodoma, haiwezi kutegemea jani bichi mwaka mzima. Mboga kavu ni akiba sawa na nafaka.

1. Chambua na uoshe kama kawaida.
2. Tumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, uyatoe, uyachuje.
3. Yatandaze kwa tabaka jembamba kwenye ungo au wavu ulioinuliwa kutoka chini, ufunike kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi na vumbi.
4. Kausha kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upesi lakini huunguza karotini. Jani linalogeuka kahawia limepoteza kilichofanya likaushwe.
5. Limekauka likivunjika kwa mlio likikunjwa. Likijikunja bila kuvunjika, lina maji bado na litaota ukungu.
6. Hifadhi kwenye chombo kikavu kinachofunga vizuri, mbali na mwanga. Mboga yenye ukungu usiikwangue na kuipika. Itupe yote.

Kupika mboga kavu, iloweke kwa maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha endelea na mapishi ya karanga.

KISANDUKU: TAHADHARI

Usile mgagani mbichi kama kachumbari. Haujaumbwa hivyo.

Usitie utomvu wa majani machoni, masikioni wala kwenye kidonda. Kwa mila za mahali pengi hutumiwa kama dawa ya masikio na maumivu, lakini majani yaliyopondwa huwasha na yanaweza kuibabua ngozi, vilevile kama haradali. Sikio linalouma lipelekwe zahanati.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, azungumze na mhudumu wake kabla ya kubadili ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Mwenye historia ya mawe ya figo ale kwa kiasi, kutokana na oksaleti.

Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe. Hata kwa mkubwa wake, mboga iliyolala nje ya jokofu usiku mzima si ya mtoto: majani ya mbolea nyingi huwa na naitreti, ambazo vijidudu huzigeuza kuwa kitu kinachoizuia damu ya mtoto kubeba hewa.

Mjamzito na mama anayenyonyesha hupewa mgagani kwa wingi katika jamii nyingi, na ni chakula kizuri. Usiwe badala ya vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki.

Kabla hujatoka nyumbani, jikague

☐ Nina mgagani wa mfano kutoka sokoni
☐ Nimepata ruhusa, na najua kama kumepuliziwa dawa
☐ Eneo si barabara kuu, jalala la mjini wala mto wa majitaka
☐ Nimekumbuka: vijani vitano, shina linalonata, harufu ya haradali, hakuna utomvu mweupe
☐ Nina kikapu na kitambaa chenye unyevu, si mfuko wa plastiki
☐ Nitachuma mmea mmoja mmoja

Usiuache uishe

Mgagani unaochumwa na kila mtu bila mmoja kuachiwa mbegu hutoweka mtaani kwa misimu michache. Kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha hukusanya na kuhifadhi mbegu za mboga za asili, mgagani ukiwemo. Nawe unaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi cha bahasha moja.

Chagua mmea wenye majani mapana unaochelewa kutoa maua, uufunge kitambaa ili mtu asiuchume. Maganda yakigeuka ya njano, yakate kabla hayajapasuka yenyewe. Ukingoja yakauke kabisa, upepo utakuwa umekwisha kuzipanda mbegu. Yaanike juu ya gazeti, uyasugue, upepete.

Kisha subiri. Mbegu mpya ya mgagani hulala: ukiipanda wiki hiyohiyo haichipui, na wakulima wengi hudhani ni mbovu wakaitupa. Iweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu kwa miezi mitatu au zaidi. Mvua zikikaribia, ichanganye na mchanga mkavu ili isidondoke kwa mafungu, uisie kwenye mistari iliyoachana sentimita 30, na uifunike kwa udongo kidogo, kama sentimita moja tu. Funika kweli, kwa sababu mwanga huizuia kuchipua.

Baada ya wiki tatu miche itakuwa imebanana. Acha nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwingine, ung'oe iliyozidi, ukate mizizi, uioshe mchanga. Ndiyo mboga laini kuliko zote utakazopata msimu huo.